Mume Wangu Si Mgonjwa, Ana Usingizi

Majina ya waliokuja kumuamsha mume wangu nayajua yote, na ya baba zao pia. Siyaandiki. Wajukuu zao wananiamkia kila asubuhi, na mimi sitaki maneno.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru. Tulikaa Mji wa Kale, katika nyumba ya mavyaa wangu, mamake mume wangu. Mume wangu aliendesha winchi bandarini, ile mashine ya kupakia na kuteremsha mizigo melini. Wakamtia zamu: juma moja mchana, juma moja usiku, kisha mchana tena. Mwili ukianza tu kuzoea, waugeuza kama chapati.

Juma la usiku alirudi jua lishatoka, akala hamri moja, akajilaza ukumbini, maana chumba cha juu kilikuwa chini ya mabati na kiliwaka kama tanuri. Hapo balaa ikaanza. Kwetu mwanamume akionekana amelala saa nne asubuhi, basi ni mgonjwa. Na mgonjwa hutazamwa, ni thawabu.

Wa kwanza alikuja jirani wa mlango wa pili na bakuli la uji wa pilipili manga. Akamshika mguu, akautikisa.

“Baba, waonaje leo?”

Mume wangu akafumbua macho mekundu. “Alhamdulillahi, dada.”

“Usiinuke, usiinuke! Lala.”

Kamuamsha, kisha amwambia lala! Akaketi mpaka adhuhuri akimweleza ugonjwa wa shemejiye. Kesho yake wakaja wanne. Nilisema hata mate yakanikauka: huyu hana ndwele, yuafanya kazi usiku. Wakatikisa vichwa. “Maskini, mke aficha.”

Wakamuuguza mpaka akaugua kweli. Chakula cha mchana hakikumpita kooni, na njaa ikamuuma usiku wa manane akiwa kazini. Kiungulia kikamchoma. Juma la mchana likija, usiku yu macho ahesabu boriti, mchana yuasinzia. Mtu mpole yule, akawa awafokea watoto kwa kijiko kilichoanguka. Mavyaa akasema ni husuda. Akaleta kombe, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani na kuoshwa kwa maji, na sharti lake alinywe mara tatu mchana. Mara tatu nimuamshe!

“Mama, na usingizi je?”

“Usingizi gani tena? Si alala kutwa?”

Asubuhi moja mume wangu akaniambia, sauti chini, kwamba alisinzia mkono uko kwenye winchi na magunia ya kahawa yaning’inia juu ya vichwa vya makuli. Mwenzake akapiga ukelele, ndipo akazinduka.

“Siku nyingine huenda nisizinduke,” akasema.



Ijumaa ya juma lile lile akaenda msikitini. Akasujudu rakaa ya pili, asiinuke. Watu wakatoa salamu, yeye bado kipaji cha uso chini. Wengine wakadhani amezama katika dua, wengine wakadhani amekufa. Alikuwa akikoroma. Wakamleta nyumbani wamemshika kwapa, wakamlaza, na mtaa mzima ukawafuata na mabakuli yake. Na usiku ule ule alikuwa na zamu!

Nikawatoa wote, nikauvuta mlango, nikaketi kizingitini.

“Mume wangu si mgonjwa! Ana usingizi! Atakaye thawabu akamtazame mwengine!”

Mavyaa akatokea uchochoroni na kombe lake mkononi. “Wewe mwana wa watu, wanifungia mlango wa nyumba yangu?”

“Nakufungia, mama. Amesinzia winchini, mzigo uko juu ya watu. Akiua mtu leo, kombe litamfufua?”

Hakujua habari ile. Akaweka kombe chini, akaketi kando yangu. Wa kwanza kufukuzwa naye alikuwa dadake wa tumbo moja.

Mume wangu akalala mpaka magharibi. Akaamka, akala sahani mbili za wali, akavaa viatu. Mlangoni akageuka.

“Hakuna aliyekuja kunitazama?”

“Hakuna.”

“Hata mmoja? Wamenichoka?”

Yarabi! Akaenda kazini amenuna, lakini macho kayafumbua, hayana usingizi.