Siku Niliyoizunguka Voi kwa Tairi Moja

Baba alifariki saa tisa na kitu mchana, na wakati huo mimi nilikuwa naizunguka Voi juu ya baiskeli ya tairi moja, nikishangiliwa na watu wa bodaboda. Nayasema haya mwanzoni ili asije mtu akafika katikati akadhani namficha jambo. Kutoka nilipokuwa hadi kitanda chake haikuzidi kilomita moja. Sikuwa nimetumwa popote. Nilikuwa nimekasirika.

Kazi yangu ni sarakasi. Miaka kumi na tisa sasa tairi hilo ndilo linalonilisha, kwenye mahoteli ya pwani na katika miji ambayo wenzangu wa darasani wanaijua kwa ramani tu. Baiskeli yenyewe haina usukani, haina breki, haina mnyororo. Pedali zimeshikana na tairi, kwa hiyo ukiacha kukanyaga unaanguka. Nina desturi yangu: nikifika mji mgeni, kabla sijafungua begi, nauzunguka kwa hiyo baiskeli. Kisumu niliijua hivyo, na Kampala, na Kigali yenye vilima vilivyonitoa machozi. Ukiwa juu pale unaona ndani ya nyua za watu, nao wanakuona, wanakucheka, na mji ukishakucheka wewe si mgeni tena.

Mji mmoja tu sikuwahi kuuzunguka, nao ni Voi, nilikokulia.

Kwetu hasa ni Werugha, juu milimani, lakini mshahara wa baba ulikuwa Voi. Alikuwa mwalimu mkuu na mzee wa kanisa, na alitaka niwe mwalimu kama yeye. Nilipoacha chuo cha ualimu mwaka wa pili nikafuata wanasarakasi, hakunipiga wala hakupaza sauti. Heri angepiga kelele. Mwaka uliofuata kikundi chetu kilipita Voi, tukacheza uwanjani, naye akapita akitoka kanisani, Biblia kwapani. Alisimama pembeni mpaka nikashuka.

"Usikipande hicho kitu katika mji ninamojulikana," akasema. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Kuhusu guu alisema kweli, nimevunjika mara mbili. Lakini lile neno la mji nililishika. Kila nilipopita Voi baiskeli ilikuwa ndani ya gunia, nikiibeba begani kama mtu anayepeleka jembe kwa fundi. Nilimpigia simu Krismasi na Pasaka. Aliniuliza afya, akaniuliza kama Mombasa imenyesha, kisha akampa mama simu. Mama alipofariki, akawa hana wa kumpa, anakata tu.

Mwaka jana nilikuwa Kisumu shangazi aliponipigia. Huyu ni dada yake baba, mdogo wake, na ndiye aliyekuwa akimtunza. Alisema baba amepata kiharusi, upande wa kulia umelala na maneno yameisha. Nilisafiri siku mbili. Njiani kote niliomba jambo moja, na sikuliomba kwa adabu: anitazame mara moja kama mtoto wake. Hata asiposema kitu. Nilijua hana tena cha kusemea, na ukweli ni kwamba hilo lilinipa nafuu, maana asingeweza kunikatia simu.

Nilifika hospitali mchana na begi langu, gunia la baiskeli mkononi. Nikalisukuma gunia chini ya kitanda haraka, baba asilione. Shangazi alikuwa hajaoga vizuri kwa siku tatu.

"Kaa na babako," akaniambia. "Mimi niende nyumbani nimpikie uji. Akitaka maji mpe, lakini umwinue kwanza, na iwe kidogo kidogo."

Tukabaki wawili, na mzee mmoja kwenye kitanda cha jirani. "Baba, nimekuja," nikasema. Macho yake yalikuwa yale yale ya mwalimu mkuu. Yalinikagua kuanzia viatu hadi nywele, nami nikajikuta nimesimama wima kama wakati wa gwaride la asubuhi. Kisha akainua mkono wa kushoto, mkono uliobaki mzima, akaonyesha kikombe.

Nikapitisha mkono mgongoni mwake, nikamwinua. Sikumbuki kama niliwahi kumshika baba hivyo. Alikuwa mwepesi kuliko begi langu. Akachukua funda la maji, akakaa nalo mdomoni huku akinitazama, muda mrefu mpaka nikaogopa atapaliwa. Halafu akayatoa kwa nguvu, puu, yakanimwagikia kifuani, na mengine yakachuruzika kwenye pembe ya mdomo iliyolegea. Nikadhani ni kikohozi. Nikamfuta. Akausukuma mkono wangu, akaonyesha kikombe tena.

Mara ya pili sikuweza kujidanganya. Alinilenga. Aligeuza kichwa chake kwa taabu mpaka akanielekea sawasawa, akayapuliza yale maji yote kwenye shati langu, kisha midomo ikachezacheza na sauti ikatoka, sauti nzito isiyo na maneno, kama mtu anayegomba usingizini. Yule mzee wa kitanda cha jirani aliona. Akageukia ukutani.

Mimi na baba tumefanana pua na tumefanana hasira. Nilikiweka kikombe juu ya kabati polepole sana, kama anavyofanya mtu anayetaka kukivunja.

"Miaka kumi na tisa," nikamwambia, "na bado unanitemea mate?"

Akainua tena ule mkono wa kushoto. Sikungoja nijue anataka nini. Nilivuta gunia kutoka chini ya kitanda, mbele ya macho yake, makusudi, nikatoka. Begi na simu niliviacha hapo.

Nje ya geti nikaipanda. Mji ninamojulikana, eeh? Basi leo ujulikane vizuri. Nikateremka kuelekea sokoni, nikapita stesheni ya zamani ya reli, nikapinda Kaloleni, nikarudi hadi barabara kuu kwenye malori. Jua lilikuwa kali na vumbi jekundu lilinishika kwenye shati lililolowa, likawa tope. Watu wa bodaboda walipiga honi.

"Buda, nani amekuibia tairi ya mbele?" mmoja akapaza sauti.

"Hiyo ni ya kuenda! Ya kurudi umeacha wapi?" akadakia mwingine, wakacheka wote, na mimi nikacheka nao, kwa sababu miguu ilikuwa inajua kazi yake na mdomo pia.

Mama mmoja anayeuza ndizi za Taveta alisimama, akaniangalia sana. "Huyu si mtoto wa mwalimu?" akauliza jirani yake.

"Ndio mimi, mama!" nikamjibu kwa sauti ambayo soko lote lilisikia. "Mtoto wa mwalimu!" Nikamzunguka yeye na ndizi zake, halafu nikazunguka soko lote mara ya pili, asiwepo mtu wa kusema hakuniona. Aliyesema hasira hasara hakunijua, lakini alinisemea mimi. Nilizunguka labda saa nzima. Nilikuwa na furaha mbaya, na naikumbuka vizuri kuliko furaha nyingi nzuri.

Hasira iliisha yenyewe, kama kawaida yake, pale stesheni nilipolazimika kushuka kwa uchovu. Nikarudi hospitali nikiikokota baiskeli, nikiwaza nitaombaje radhi kwa mtu asiyeweza kujibu. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, ameshika chupa ya uji, kifuniko bado kimefungwa.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilitoka kidogo."

"Nimepiga simu, inalia ndani ya begi." Alinitazama shati. "Amekwenda, mwanangu. Nimemkuta anaenda."

Tulimzika Werugha, kwenye baridi na ukungu. Watu wa kanisa waliimba vizuri, na wanafunzi wake wa zamani, wengine na mvi, walisema maneno mazuri. Nikasifiwa kwamba nilimuwahi baba. Nilitikisa kichwa kila nilipopewa pole, na kila pole ilinichoma.

Siku ya tatu baada ya mazishi wageni walikuwa wamepungua. Nilikaa na shangazi nje ya jiko tukipukusa maharagwe, naye akaniuliza kitu alichokuwa na haki ya kukijua: baba alikuwaje saa ile ya mwisho? Nilitaka kudanganya. Nikashindwa.

"Alinitemea," nikasema. "Nilimpa maji akanitemea kifuani. Mara mbili. Ndiyo maana nilitoka."

Shangazi aliacha maharagwe. "Alitema, au alipuliza?"

"Kuna tofauti gani?"

"Alikaa nayo mdomoni kwanza? Akasema kitu?"

"Alinguruma tu. Shangazi, alikuwa ananilaani."

Akafunika mdomo kwa khanga. Nilidhani analia kwa aibu, kumbe hapana.

"Alikuwa anatasa," akasema. "Ni mimi nilimwambia. Ile asubuhi nilimwambia, kijana yuko njiani, usiende na hiyo hasira, itase. Akafumba macho. Nikajua amekataa, mzee wa kanisa, ataanzia wapi."

Nilishaona mtu akitasa mara moja tu maishani, naye alikuwa bibi, nikiwa mdogo, hapo hapo Werugha. Mtu akiwa na kinyongo na mwenzake huchukua funda la maji au la juisi ya muwa, akalipuliza nje, akatamka kwamba hasira imetoka na mwenzake akae salama. Bibi alipuliza vizuri, matone madogo madogo kama manyunyu. Baba alikuwa na nusu ya mdomo. Na kwa sababu maisha yake yote aliyaita mambo hayo ushamba, haikunipitia akilini, hata kidogo, kwamba angeniletea mimi. Alivuka kanisa lake na ualimu wake na midomo iliyokufa, akanifikia. Mimi nikampeleka sokoni nikamwanika.

Shangazi aliingia jikoni, akatoka na kikombe cha maji.

"Yeye alishatoa yake," akasema. "Sasa wewe toa yako. Maneno nitakupa, wewe ufuate."

Nikachukua funda. Nilikaa nalo, naye akaanza kunitajia maneno kwa Kidawida, lugha ya kwetu, polepole, ili nisikosee. Nilijaribu kumtafuta baba moyoni nimtolee hasira yangu, nikakuta hayupo. Hasira ilikuwepo, tena nyingi, lakini haikuwa yake tena. Ilikuwa yangu juu yangu, na hiyo sikujua inapulizwa kuelekea upande gani.

"Toa, baba," shangazi akasema. "Usiogope."

Nikameza.