Mapigo ya Jumapili

Binti yangu anafanya kazi ya kuangalia mioyo ya watu. Anakaa mbele ya skrini nne katika wodi ya moyo ya hospitali kubwa, safari ya siku nzima kwa basi kutoka hapa kwangu, na kwenye kila skrini kuna mistari ya kijani inayopanda na kushuka. Kila mstari ni mtu. Mtu mwenyewe amelala chumba cha pili, kifua kimebandikwa vibandiko vyenye nyaya, na moyo wake unajiandika huku mbele ya mwanangu. Mstari ukienda kombo, yeye ndiye wa kwanza kujua.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na kupunguza suruali za watu. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo haya ya hospitali nayasema kama alivyonieleza yeye kwa simu, mara mbili mara tatu, mpaka yakaniingia.

Alipokuwa mdogo baba yake alimwita Mpelelezi, maana alikuwa hakubali jibu la kwanza. Ukimwambia paka amelala, atauliza umejuaje kama hajafa. Atakwenda kumwekea mkono tumboni, asubiri, kisha arudi kutangaza, "Anapumua." Tulikuwa tunamcheka.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja baba yake alipolazwa kwa ajili ya moyo. Siku ya pili, saa tatu asubuhi, muuguzi alimpima, akaandika kwenye karatasi, akasema anaendelea vizuri. Mimi nikaenda nyumbani kumchukulia shuka safi. Saa saba mchana muuguzi aliporudi kumpima tena, hapakuwa na cha kupima. Simlaumu yule dada. Alikuwa peke yake na wagonjwa arobaini.

Baada ya maziko, watu walipokwisha kuondoka, mtoto alinifuata jikoni.

"Mama, kati ya saa tatu na saa saba, nani alikuwa anamwangalia baba?"

Nilimwambia Mungu. Akaitikia kwa adabu, lakini nilimwona usoni kwamba alitaka jina la mtu.

Swali lile ndilo lililomsomesha. Aliingia chuo cha uuguzi, akahitimu, akapangiwa kituo chetu cha afya, dakika kumi kwa miguu kutoka kwangu. Miaka mitatu nilikuwa nasikia viatu vyake kwenye ngazi kila jioni. Alikuwa anachoma sindano, anafunga vidonda, anapima watoto uzito, na watu wanampenda. Mimi nilidhani tumefika. Kumbe yeye alikuwa bado anaulizia saa tatu na saa saba. Tangazo lilipotoka kwamba ile hospitali kubwa inachukua wauguzi wachache kuwafundisha kuangalia wagonjwa wa moyo saa zote bila kukatisha, alilibandika ukutani juu ya kitanda chake. Hakunibembeleza wala hakunilazimisha. Alilibandika tu, na mimi kila nikifagia nalisoma.

Aliondoka na begi moja. Mafunzo yalikuwa miezi kumi na minane, na mwisho wake mtihani. Akifaulu, anabaki kulekule, maana mashine zile ziko kule tu. Asipofaulu, au asipotokea siku ya mtihani, anarudishwa kituo cha afya na nafasi yake anapewa mwingine. Siku anaondoka alichora duara kwenye kalenda yangu ya ukutani, ile ya miaka miwili. "Mama, siku hii uniombee sana."

Tangu hapo nyumba ikawa kubwa. Niliisogeza cherehani dirishani nione barabara. Mdogo wangu, ambaye ndiye mama mdogo wa Mpelelezi na ana mdomo, akiingia alikuwa ananipigia saluti.

"Hodi, mlinzi! Leo wamepita wangapi?"

"Pita ndani, usinichekeshe."

"Dada, mtu akikohoa mtaa wa pili wewe unajua amemeza dawa gani. Hospitali wangekuajiri wewe, wasingehitaji mashine."

Binti alikuwa anapiga kila Jumapili saa kumi alasiri. Stori zake nilikuwa naziishi wiki nzima. Kuna siku aliona mstari wa mzee mmoja umechafuka, umekuwa kama msumeno. Akapiga kengele, akakimbia na toroli la dharura, wenzake wawili nyuma yake. Wanafungua mlango, mzee anapiga mswaki. Ule mtikisiko wa mkono ndio ulioichanganya mashine.

"Mama, akanitazama na povu mdomoni, akasema, 'Sista, ukitaka dawa ya meno si ungeomba tu?'"

Tulicheka mpaka nikakaa chini. Wodini wakambatiza Dada Mswaki. Lakini alinieleza pia alichofundishwa siku ile: kwanza nenda ukamtazame mtu, ndipo uamini mstari.

Kwa kuwa baba yake alikwenda kwa moyo, na mimi umri unasogea, alinifundisha kujipima. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, macho kwenye saa ya ukutani. Unahesabu mapigo ya nusu dakika, unazidisha kwa mbili. Kila Jumapili kabla ya kuagana nilikuwa namsomea. Sabini na mbili. Sabini na nne. "Vizuri, Mama," anasema, na simu inakatika.

Jumapili moja simu iliita nikiwa nje naanua nguo. Nilipanda ngazi mbio. Nilipohesabu nikapata arobaini na tisa, mara mbili, tisini na nane. Nikamwambia. Siku ile hakukata. Aliniuliza nimekula nini, nimelalaje, miguu inavimba, nasikia kizunguzungu? Tulizungumza karibu saa nzima. Jumatatu akapiga tena. Jumatano akapiga tena. Wiki ile nilishona kama msichana.

Jumapili iliyofuata nikapata sabini na sita, nikasema ukweli. "Afadhali, Mama. Nipo zamu, tutaongea." Dakika nne hazikufika.

Jumapili ya tatu nilihesabu thelathini na saba. Mdomo ukasema, "Tisini na sita."

Nayaandika haya kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Sikupanga. Niliona mlango wa kumfikia mwanangu uko pale, na ufunguo ni tarakimu tu. Wiki iliyofuata nikasema mia moja na mbili. Akaniambia niende kituo cha afya. Nikasema nilikwenda, foleni ikanishinda. Nikasikia pumzi yake inabadilika, na Mungu anisamehe, nilifurahi kuisikia.

Jumapili baada ya hiyo hata kuhesabu sikuhesabu. Nilikaa na simu sikioni, mkono mwingine umeshika kitambaa, nikaacha nusu dakika ipite.

"Tisini na saba," nikasema.

"Tisini na saba, Mama?"

"Ndiyo, tisini na saba."

"Haya." Kisha akasema taratibu, "Nitaomba ruhusa. Nakuja Alhamisi."

Nilitandika kitanda chake. Nikageuza godoro, nikafua mapazia. Jumanne mchana mdogo wangu akanikuta juu ya kiti nafuta kioo cha dirisha, naimba.

"Kuna harusi?"

"Mtoto anakuja Alhamisi."

"Mpelelezi? Alhamisi hii?" Akageukia kalenda. Kwenye msumari wa kalenda nilikuwa nimetundika tepu yangu ya kupimia, imening'inia katikati ya mwezi. Akaisogeza kwa kidole. Duara likawa pale. "Dada. Alhamisi si ndiyo mtihani?"

Ningeweza kusema nilisahau, naye angekubali. Lakini tepu nilikuwa naitundika kwenye kitasa cha droo miaka yote. Nilianza kuitundika juu ya kalenda mwezi uleule.

"Anakuja kwa sababu gani?" aliuliza, sasa bila utani.

"Mimi naumwa."

Alinitazama juu ya kiti na kitambaa mkononi, kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Unaumwa nini, dada yangu? Umependeza hivyo."

Nikashuka. Alinisogezea kiti nikakaa. Hakunisema. Alichukua kile kitambaa, akamalizia kioo mwenyewe, amenipa mgongo ili nipate nafasi. Nilimwona binti yangu wa miaka kumi na mmoja mlangoni mwa jikoni. Kule kwenye wodi kulikuwa na watu waliolala ambao wake zao wamekwenda nyumbani kuchukua shuka. Na mimi nilikuwa namwondoa mtu wao kwenye kiti.

Sijawahi kumpigia akiwa kazini. Siku ile nilipiga. Aliitikia kwa hofu.

"Mama! Kuna nini? Kifua?"

"Kifua kizima. Sikiliza, usinikate katikati. Sina tatizo. Nilikuwa nakudanganya. Hayo mapigo nilikuwa nayatunga."

Nilisikia milio yao ya mashine kwa mbali, tii, tii, tii, kama ndege wamefungiwa.

"Najua, Mama."

"Unajua?"

"Nilikwambia hesabu nusu dakika, uzidishe kwa mbili. Ukizidisha kwa mbili hupati tisini na saba. Hata ufanyeje."

Darasa langu la saba lilikuwa limeniacha njiani. "Sasa kama ulijua," nikasema, "mbona uliomba ruhusa?"

Sauti yake ikawa ile ya chini, ya mtoto anayeomba kulala na taa.

"Nilitaka kuja. Nimechoka, Mama. Nakula peke yangu, naamka peke yangu. Nikaona ukiwa mgonjwa, hakuna atakayenilaumu. Nikajifanya nimeamini."

Mdogo wangu aliacha kufuta kioo. Mimi nililia, na nilijua yeye kule analia pia, amegeukia ukuta wenzake wasimwone. Tulikuwa watu wawili tunatafuta njia moja, kila mmoja amejificha nyuma ya ugonjwa ambao haupo. Ingekuwa rahisi sana kusema njoo. Neno lilikuwa limeshakaa kwenye ulimi.

"Ruhusa umeshapewa?"

"Sista mkuu ameshaandika. Imebaki nichukue karatasi."

"Nenda kamwambie mama yako amepona."

"Mama..."

"Kamwambie amepona leo saa nane mchana. Alhamisi ukae kwenye mtihani. Kuhusu baba yako uliniuliza swali, mimi nikakosa jibu. Kalijibu wewe."

Alipenga kamasi. "Godoro umeshageuza?"

"Nani kakwambia?"

"Nakujua."

"Nimegeuza. Litakungoja."

Alhamisi ile sikushona kitu. Kwenye mtihani wanaonyeshwa mistari ya mioyo iliyorekodiwa, mmoja baada ya mwingine, na kwa kila mmoja mtahiniwa aseme: huyu kimbia, huyu subiri, huyu kamtazame kwanza. Jioni akapiga simu. Alifaulu. Mmoja wa mistari, alisema, ulikuwa kama msumeno, na chumba kizima kilimgeukia Dada Mswaki kabla hajafungua mdomo. Mdogo wangu alipiga vigelegele vya kuamsha mtaa. Mimi nilisema alhamdulillahi na hongera mwanangu, kwa moyo wangu wote. Kisha nikaenda kukalia ukingo wa kitanda kilichotandikwa.

Ni mwaka wa tatu sasa. Anakuja mara mbili kwa mwaka, siku tano tano, analala mpaka saa nne na mimi nasimama mlangoni namwangalia anavyopumua. Akifumbua macho anasema, "Mama, nipo hai, nenda kashone."

Jumapili bado anapiga saa kumi. Lakini alibadilisha utaratibu. Wiki ileile ya mtihani aliniambia nusu dakika haitoshi kwa mtu wa umri wangu, kuanzia sasa nihesabu dakika nzima, hakuna kuzidisha. Na yeye anajipima kule wakati huohuo. Sikumuuliza kama ndivyo wanavyofundishwa au ameamua yeye. Naweka simu mezani, sauti juu. Naweka vidole viwili. Mshale mwekundu unaanza kuzunguka. Hatusemi kitu. Nasikia feni ya chumba chake, yeye nadhani anasikia saa yangu ya ukutani. Watu wanapita barabarani chini ya dirisha na siwaangalii.

"Wewe umepata ngapi?" ananiuliza.

"Sabini na moja."

"Kweli?"

"Kweli. Na wewe?"

Wiki iliyopita alisema themanini na tano. Nikamwambia ni mengi, ahesabu tena, mimi nangoja.