Ufizi wa Kwamboka na Ensoni ya Mzee

Siku yangu ya kwanza kazini Kisii, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilifika nimejipamba kama bibi harusi, nikidhani nitapewa koleo ning'oe meno. Wapi! Daktari Mkuu wa Meno alinisimamisha kando ya kiti kutwa nzima, kazi yangu kutazama na kunusa. Niliona anavyoparua ukoga, ule uchafu mgumu unaoganda shingoni mwa jino, na anavyobonyeza ufizi kuona kama unatoa damu. Tulipokuwa tukichemsha vyombo akaniambia, "Kijana akija ufizi umeoza ghafla, usimgombeze habari ya mswaki. Huenda mwili wake umechoka kupigana."

Alimaanisha virusi vya Ukimwi. Sasa msije mkatishana, si kila ufizi unaotoka damu una virusi. Wengi wetu ni uvivu tu wa kusugua. Lakini kinga ya mwili ikishuka, vijidudu ambavyo siku zote hukaa kinywani kwa adabu hupata nafasi. Nyama iliyo kati ya meno huliwa upesi, kwa maumivu na harufu.

Nikahamishiwa Nyamira, kisha kituo kidogo upande wa Nyaramba, chini ya Matroni aliyefungia hata pamba kabatini. Nilimpenda mama yule. Huko ndiko mzee mmoja alikomleta Kwamboka, mjane wa mwanawe. Mwana alikuwa amerudi kutoka Nairobi mgonjwa, wakamzika. Sasa binti hali, halali, na mzee anataka meno yote ya mbele yang'olewe.

Alikaa mlangoni akitupa mgongo, maana kwetu baba mkwe hatazami kinywa cha mke wa mwanawe kikiwa wazi. Hiyo ndiyo ensoni, haya na heshima kwa pamoja. Lakini kila nilipomuuliza Kwamboka, mzee ndiye aliyejibu. Nikaona nimpige kwa fimbo yake mwenyewe.

"Omogaka," nikamwita kwa heshima ya wazee, "nataka kumuuliza huyu mambo ya chumbani. Utakaa?"

Alitoka mbio, hata kofia akaiacha. Kwamboka alicheka huku ameziba mdomo, halafu akalia. Akaniuliza kama ni ule ugonjwa wa mumewe. Nikamwambia ufizi hauwezi kuapa, damu ipimwe kama anataka. Akakubali. Nilimsafisha taratibu, nikampa dawa na maji ya chumvi ya kusukutua. Sikung'oa hata jino moja. Ugonjwa ulikuwa ufizini, na kung'oa kungemwongezea kidonda tu.

Ufizi ulipona, akala. Lakini majibu ya damu yalithibitisha hofu yake. Alinishika mkono, akaniambia mzee akijua atamfukuza bomani, na mtoto wake atakosa pa kukaa. Niliapa kunyamaza.

Wiki chache baadaye mzee akaja peke yake. Akapanda kitini, akafungua mdomo. Nilikagua, sikuona kitu.

"Omogaka, unaumwa wapi?"

"Siumwi. Kinywa cha mwanangu kilianza hivyo hivyo." Akashuka kitini. "Mwambie lile shamba la chai la bondeni ni lake na mtoto. Hakuna atakayemtoa. Mwambie wewe, mimi nina ensoni."

Basi nikajifanya nimeangusha koleo, nikainama nikilitafuta hata machozi yangu yakakauka.

Nimestaafu sasa, niko Manga na migomba yangu. Vijana wa kazi hii hunijia wakiniuliza siri ya ustadi ni nini. Mimi huwaambia wajifunze ufizi, wajifunze pia watu wao, maana kinywa kina mwenyewe.

Kwamboka alidumu hadi zile dawa za kupunguza makali ya virusi zilipofika, naye bado anazimeza. Mzee alishatangulia mbele ya haki, na wawili hao hawakuwahi kuzungumzia jambo lile, hata mara moja. Juzi Kwamboka aliniletea chai ya bondeni, akanikuta nimevaa koti langu jeupe la kazi ya meno, nakata majani ya ndizi. Akacheka mpaka akaegemea ukuta, bila kuziba mdomo.