Moshi wa Limbu

Kasian jirani yetu sijamsamehe, na akitangulia kufa matanga yake sikanyagi. Ndiye aliyeenda polisi kusema mume wangu ni kibaraka wa Wareno wa Msumbiji.

Limbu alikuwa mtu wa ng'ombe tu. Tulitoka Usukumani tukahamia Usangu, huku Chimala. Kila jioni alikuwa anachoma mavi makavu zizini, moshi ufukuze mbu na mainzi. Bila moshi ng'ombe hawatulii, kwetu hata mtoto anajua. Kasian analima mpunga, hajui. Na ng'ombe wetu walishamkanyagia shamba, akaweka kinyongo.

Mwaka sabini na mbili, watu wasiojulikana wakalipua daraja pale barabarani. Kasian akasema moshi wa Limbu ndio ishara ya maadui. Polisi wakamchukua, wakamfungia Iringa. Miezi inapita, shtaka hakuna.

Nikamfuata. Ofisa mmoja akaniambia, "Mama, watu kama hawa hawapelekwi mahakamani. Ni hatari."

"Kama ni hatari si umwambie hakimu? Au na hakimu unamwogopa?"

"Una mdomo mchafu wewe."

"Huuhuu nitakuja nao kesho."

Nikaja. Kila asubuhi nakaa mlangoni kwake, mpaka askari wakawa wanamtania, "Afande, mke mdogo kafika." Siku moja akapita mkubwa wake, akanikuta, akauliza shtaka la huyo mtu liko wapi. Ofisa akaanza kupekua mafaili.

Ndipo kesi ikafunguliwa Mbeya. Limbu kasimama kizimbani, kakonda, suruali kaifunga kwa kamba. Hakimu akamuuliza Kasian, "Huo moshi ulianza kuuona lini?"

"Tangu wahamie, mheshimiwa. Kila jioni."

"Madaraja mangapi yamelipuliwa?"

"Moja tu."

"Sasa jioni zingine zote alikuwa anampa nani ishara?"

Hakimu akasema aliyelipua daraja atafutwe, aletwe hapohapo na ushahidi wake, ahukumiwe. Lakini mtu hafungwi kwa sababu jirani anaogopa moshi wake. Limbu aachiwe.

Nje Kasian akanisogelea. "Mama Regina, yaishe basi."

"Yaishe? Mwangalie alivyokonda, halafu useme tena."

Akageuka, akashika njia yake.

Tulifika nyumbani jioni. Limbu hata ugali hakugusa, akaenda zizini, akakusanya mavi makavu, akawasha. Upepo ulikuwa unaelekea kwa Kasian. Nikamwambia mume wangu aongeze.