Kilio cha Kazi Yangu

Baba Feruzi, sikuja kukuambia jikaze. Hilo umeshalisikia mpaka umechoka. Nimekuja kukueleza ugonjwa ulionipata mimi mwaka ule kiwanda cha pamba kilipofungwa kule Kasongo, na namna nilivyopona.

Nilikuwa mtu wa mashini, ile ya kutenganisha pamba na mbegu. Nilijua sauti yake kama unavyojua kikohozi cha mke wako. Ikianza kukwaruza, mzungu mwenye kiwanda alikuwa ananiita mimi. Mtaani waliniita Baba Mashini, na sikufichi, nilivimba kichwa.

Kisha bei ya pamba ikaanguka. Asubuhi moja kapita, msimamizi wetu, alitukuta mlangoni akasema, "Kazi imeisha. Murudi kwenu." Basi. Hata kuiaga mashini hatukuiaga.

Mimi na familia tukarudi hapa kwetu Wamaza. Nikaanza kusikia mngurumo masikioni, mchana kutwa. Usingizi ukakatika. Nikitafuna bugali, haushuki. Hata jembe nikashindwa kulishika. Nikaacha kuoga. Mke wangu Zaina akiniuliza kitu, namfokea, kisha nageukia ukuta. Nilitamani kufa, nasema wazi. Mganga alisema nimelogwa. Muuguzi wa dispensari alinipima akasema, "Mwili hauna kitu. Fanya kazi." Kazi gani sasa?

Ndipo shangazi yangu Mwavita akafika kutoka Lusangi, mkeka kichwani. Yule mama hana utani. Aliutandika mlangoni pangu, akavua kitambaa cha kichwa, akakaa chini kama mfiwa.

"Shangazi, nani amekufa?" nikamwuliza.

"Kazi yako. Mutu akikufa, watu wanakuja kukaa na wenye kilio. Hii yako ilikufa, nani alikuja?"

Nilidhani ananicheka. Lakini Zaina naye akakaa. Majirani wakaja na unga na kuni, wengine wameziba midomo wasicheke. Wanaume wakawasha moto uani. Shangazi akasema, "Haya, mwenye kilio, utuelezee. Marehemu alikuwa namna gani?"

Nilianza kwa hasira. Nikaeleza mikanda, mafuta, vumbi jeupe lililokuwa linakaa kwenye nyusi. Nikaigiza mlio wake. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, halafu nikajikuta nalia, kamasi na yote. Hakuna aliyeniambia nyamaza. Kwenye kilio, nani anamnyamazisha mfiwa?

Siku ya kuondoa kilio, shangazi alinipeleka mtoni nikaogeshwa na kunyolewa, kama tunavyowafanyia wafiwa wetu. "Huyo amezikwa," akasema. "Wewe iko muzima." Tuliporudi nikamwomba Zaina chakula. Alikimbilia jikoni ili nisimwone machozi.

Sikupona mara moja. Mngurumo ulikaa sana, na hata leo unanirudia mara nyingine. Lakini sasa ukija, najua ni nini, nauacha upite. Namshukuru Mungu, namshukuru na yule mama. Kila mtu alikuwa na shauri la kunipa. Yeye alinikalisha chini nilie.

Wewe uliendesha lori la kampuni miaka yote hii, na tangu wakunyang'anye funguo hujala vizuri wala hujasema neno. Mama Feruzi anaogopa, ndiye aliyetuita. Watu hawa uani hawakuja kukushangaa. Hakuna kati yetu aliyelijua lori lile kama wewe.

Haya, baba. Lilikuwa namna gani?