Mwezi Ulipojenga Zizi Buhare

Sikusimulii ndoto, wala siku ile sikuwa na homa. Yalinipata mimi mwenyewe, ufukweni Buhare, miaka ile sabuni ilipokuwa adimu na sukari tunaisikia tu kwa watu.

Wanawake wengi tulikuwaga tunaanika dagaa mchangani. Aliyetusomea hali ya hewa alikuwa rafiki yangu Wakuru. Mwezi ukijizungushia duara, dalili ya mvua, anaita kutoka mlangoni kwake, "Mwezi umejenga zizi, anueni." Basi tunatoka wote na mifagio, tunaanua huku tunacheka. Nikikumbuka vicheko vile najiona msichana tena.

Wakuru aliugua, akafariki, tukamzika kwao Butiama.

Miezi michache baadaye, jioni moja, mwezi ukatoka na duara pana. Nililiona, ila nilikuwa nimechoka, nikajiambia ni ukungu tu. Dagaa wangu wote walikuwa nje, na asubuhi jamaa wa Bunda alikuwa aje na miche ya sabuni tubadilishane.

Nikasikia ufagio mchangani. Kutoka, namkuta mwanamke amejifunika kitenge, anakusanya dagaa wangu. Nilidhani mwizi. Akasema bila kugeuka, "Shika gunia, dada. Zizi ni pana hilo."

Sauti ile ningeisahau vipi? Wewe ungekimbia? Mimi nilishika gunia. Na moyo, niamini, ulikuwa umefurahi.

Tulipomaliza akauliza, "Na wenzako umewaita?"

"Wako ndani," nikajibu. "Na wao wana macho."

Hapo akanigeukia. Alikuwa Wakuru, uso ule ule, ila hakutabasamu. Akaweka ufagio chini, akaenda upande wa maji, na mchanga ukabaki bila nyayo.

Sikumwita mtu. Nilijiambia wataniuliza nani kanisaidia kuanua. Kabla hakujapambazuka mvua ikashuka, na dagaa wa jirani yangu Mama Magesa wakageuka uji. Jamaa wa Bunda alifanya biashara na mimi peke yangu.

"Jana uliliona duara?" Mama Magesa akaniuliza.

Nikamwambia sikuliona. Mpaka anahama Buhare hakunisemesha tena.

Siku hizi maduka ya Iringo, kule mjini, yamejaa kila kitu, na mvua inatangazwa redioni. Mimi bado natoka nje mwezi ukipevuka, namsubiri Wakuru. Hajarudi. Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukiona duara, usianze na gunia lako. Anza na mlango wa jirani.