Kila Droo na Ufunguo Wake

Likizo hii sijaandika sana, lakini hili la maziwa aliyoandikiwa mama sitaki linipotee. Naliandika kabla sijarudi shule Mbarara.

Ofisi yetu hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale ni chumba kimoja chenye kabati la chuma. Droo za juu ni za chakula, shule na mashamba. Ya chini kabisa ni ya wagonjwa. Zamani ufunguo ulikuwa mmoja, umetundikwa kwenye msumari karibu na mlango, na yeyote wa pale ofisini aliuchukua akafungua alichotaka. Karani wa chakula, kabla ya kumpa mgonjwa maziwa, alitoa faili lake, akalisoma, halafu akaita dirishani jina pamoja na ugonjwa, foleni yote ikisikia. Hakuwa na ubaya. Alisema watu wakijua sababu hawatamnung'unikia kwamba anapendelea.

Mama alianza kukohoa tulipokuwa tunavuna maharage. Hospitalini Mbarara wakasema ni kifua kikuu, wakampa dawa, wakaandika kwenye faili apewe maziwa, maana akimeza zile dawa na tumbo tupu anazitapika zote. Lakini siku hizi mtu akikonda hakuna anayeuliza kikohozi. Wanasema silimu, yaani ukimwi, basi. Sisi tunakaa mtaa wa Juru na mama anauza maharage mbele ya nyumba. Nani angenunua tena? Mama akaniambia, "Kama wataita jina yangu kwa ile dirisha, mimi siendi. Ile maziwa bakunywe bengine."

Mimi ndiye ninayemsemea mama ofisini kwa sababu nimesoma, ila kusema mbele za watu kunanishinda kabisa. Nilizunguka nje mpaka chumba kikabaki na katibu peke yake. Ni mama Mwislamu wa Mbarara, ndugu zake wana duka huko, na alikuwa bado mgeni kwetu. Nikamweleza huku nikiangalia sakafu. Hakunikatiza. Wiki iliyofuata alirudi na fundi wa kuchomea vyuma, kila droo ikapata kufuli yake. Karani akapewa ufunguo wa droo ya chakula tu, nesi akapewa wa wagonjwa. Ule msumari ukang'olewa. Nilifurahi hata nikashindwa kula.

Kumbe nilifurahi mapema. Siku ya maziwa karani hakuweza kufungua droo ya wagonjwa, kwa hiyo hakumpa mgonjwa yeyote hata tone. Nilipofika dirishani akaniuliza, "Sasa dada, nitamjuaje mgonjwa? Nikigawa kwa macho tu, kesho Nakivale nzima itakohoa."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, sijui kwa nini. Nikarudi Juru na jerikeni tupu, na jioni ile mama alitapika dawa. Akasema tuziache tu, zinamchosha bure. Hapo ndipo niliogopa kweli, na asubuhi nilirudi ofisini bila kungoja chumba kiwe tupu.

Karani alikuwa anadai apewe ufunguo wa pili. Nesi anakataa, anasema bora hata kabati litupwe ziwani. Katibu akawaacha wamalize, kisha akamgeukia karani.

"Ssebo, wewe unapima ugonjwa au unapima maziwa?"

"Maziwa, nyabo."

"Na kwa kupima maziwa unataka kujua nini?"

Karani akahesabu kwa vidole. Akasema anataka kujua ni nani, apewe kiasi gani, na mpaka lini.

"Hayo nesi atakuandikia. Mengine muachie."

Wakakata makaratasi magumu kutoka kwenye boksi la sabuni. Nesi akaandika namba ya faili, kiasi cha maziwa na mwezi wa mwisho, akatia sahihi. Jina la ugonjwa halikuwemo. Katibu akanipa kadi ya mama mkononi, akaniambia, "Mpelekee, mwanangu." Nikapiga goti kumshukuru, na nadhani alielewa. Kila nikisali namtaja.

Mama aliishika ile kadi, akaigeuza huku na huku akitafuta kama ugonjwa umeandikwa. Hajui kusoma, lakini hakuiachia mpaka nilipomsomea mara mbili. Siku ya maziwa akajifunga kitenge kizuri akaenda mwenyewe. Mimi nilibaki nyuma nimeshika jerikeni.

Karani aliitazama kadi pande zote. "Mama, hii kadi haisemi kitu."

"Ni kwa sababu ya ile nimekuja," mama akamjibu.

Karani akacheka, akapima maziwa. Mwanamke aliyekuwa nyuma yetu, jirani wa kule kwetu, akamuuliza mama kama kesho atakuwa na maharage. Mama akasema yapo, mengi tu, aje mapema.